MNANA DOMO-NENE, FUNDI WA MAFUNJO

Watoto wengi huita kila ndege mla mbegu kwelea, kisha humlenga kwa manati. Mnana domo-nene, aonekanaye Kampala, si kwelea wavamiao mashamba kwa makundi makubwa.

Alama yake ya kwanza ni mdomo mnene na mzito. Dume ni wa kahawia iliyoiva hadi kukaribia weusi, mwenye mabaka meupe kwenye paji la uso na mbawani. Jike ana mgongo wa kahawia na kifua cheupe chenye michirizi. Wengi humdhania kuwa ndege wa aina nyingine.

Kwa mdomo huo hupasua mbegu na kokwa ngumu zinazowashinda ndege wadogo. Hupenda alizeti, na pengine hula wadudu.

Ndege huyu huishi tangu Afrika ya Magharibi hadi Afrika Kusini. Wakati wa kuzaa hutafuta vinamasi, akafuma kiota kwa nyuzi nyembamba za majani baina ya mashina ya matete au mafunjo. Baadaye huja kula mitini na bustanini.

Kwa wakazi wa Nsambya, kinamasi cha karibu ni kile kipokeacho maji ya mfereji wa Nakivubo kabla hayajafika Ziwa Victoria. Mafunjo yake husaidia kuchuja maji machafu ya mji, lakini mengi yamefyekwa ili kupanda magimbi. Yakiisha, ndege atakosa kiota na mji utakosa chujio.

Wazazi na wawafunze watoto kuweka manati chini, wautazame mdomo kwanza.