Saa ya Kijapani iliyotoka Malaysia: umepigwa au hujapigwa?

Leo tuwaache kidogo wapenzi wanaogombana, tuzungumzie kitu ulichokivaa mkononi.

Hebu vua saa yako. Igeuze usome yale maandishi madogo ya mgongoni, halafu angalia usoni, pale chini kabisa ya namba sita. Kama ni Seiko, Citizen, Casio au Orient, basi unavaa Mjapani. Lakini inawezekana kabisa umekuta neno Malaysia, Thailand au China. Hapo ndipo presha inapopanda. "Mama yangu, nimepigwa!"

Tulia kwanza. Sisi watu wa mjini tuna ugonjwa huu siku nyingi. Iwe redio, iwe pasi, iwe baiskeli, swali la kwanza ni "Ya wapi hii?" Tukijibiwa Japani tunalipa hata bila kuomba punguzo. Tukijibiwa kwingine tunabenua midomo. Wauza saa wanaujua ugonjwa huo kuliko sisi wenyewe. Ukisema unataka "Japani yenyewe", bei inapanda papo hapo. Sasa tuulizane, hiyo hela ya nyongeza inanunua nini?

Tuanzie kwa Wajapani wenyewe. Siku ya Krismasi mwaka 1969, Seiko waliingiza sokoni Tokyo saa iliyoitwa Astron, saa ya mkono ya kwanza kuuzwa ya aina ile ya betri inayoandikwa Quartz usoni. Bei yake ilikuwa yeni 450,000, karibu sawa na gari dogo jipya la wakati ule, lakini haikutakiwa kupotea zaidi ya sekunde 5 kwa mwezi. Kabla ya hapo, aliyevaa saa ya Uswisi ndiye aliyeonekana mtu. Kumbe hata jina la nchi lina zamu yake.

Baadaye hela yao ikawaletea kasheshe. Mwaka 1985 dola moja ya Marekani ilifika kama yeni 240. Mwaka 1988 dola hiyohiyo ilikuwa chini ya yeni 140. Maana yake, kitu kilichotengenezwa Japani kikawa ghali mno kwa mnunuzi wa nje. Kampuni za Kijapani zilishakuwa na viwanda nje ya nchi tangu kabla ya hapo, lakini sasa kazi ya saa za bei nafuu ikazidi kusukumwa huko: Singapore, Hong Kong, Malaysia, Thailand, China. Walifuata gharama ndogo, ila michoro na vipimo vilibaki vya kwao.

Mfano mzuri ni ile Seiko ya wazamiaji, SKX007, iliyotoka mwaka 1996 na kuachwa kutengenezwa mwaka 2019. Ilikuwapo ya herufi K na ya herufi J. Hiyo J iliandikwa "Made in Japan" usoni na iliuzwa kwa bei ya juu zaidi. Watu walizigombania kama mpira wa kona. Lakini ukizifungua zote mbili, ndani unakuta mashine ileile, 7S26.

Mambo hayajabadilika sana. Seiko 5 Sports zilizoanza kutoka mwaka 2019 zinatumia mashine ya 4R36. Zipo zilizoandikwa "Made in Japan" kwa ajili ya soko la kwao na zipo zisizoandikwa hivyo. Kiwango kilichotangazwa na kampuni kwa mashine hiyo ni kimoja: inaweza kukimbia hadi sekunde 45 kwa siku, au kuchelewa hadi sekunde 35. Kuandikwa Japani usoni hakuipunguzii hata sekunde moja.

Sasa ngoja niwape kisa. Jirani yetu mmoja, binti aliyepata kazi juzijuzi, alimnunulia baba yake Seiko 5 kwa mshahara wa kwanza. Mzee aliivaa kwa furaha, mpaka siku alipokuja mjomba. Mjomba akaigeuza, akasoma "Mov't Malaysia, cased in China", akacheka hadharani. "Shemeji, mtoto kauziwa kanyaboya. Tazama hii yangu, Made in Japan!" Tangu siku ile mzee akaiweka kabatini. Binti akawa hali vizuri. Si hela tu iliyomuuma, ni ile kuonekana kwamba zawadi yake kwa baba ni takataka.

Tukamshauri aende nayo kwa fundi saa wa mtaani, na mjomba naye akaja na ya kwake, tena kwa mbwembwe. Fundi akaanza na ya mzee. Akafungua mfuniko, ile nusu duara inayozunguka mkono ukitembea ikacheza vizuri, akasema, "Hii haina tatizo, mvae tu." Akachukua ya mjomba, iliyoandikwa Automatic kwa maandishi ya dhahabu. Alipoifungua akanyamaza kidogo. Ndani hamna cha kuzunguka wala nini, kuna kibetri kimoja kidogo kimezungushiwa plastiki nyeupe ya kujaza nafasi.

"Mzee wangu," fundi akamwambia kwa adabu, "hii Japani umeiona usoni tu."

Mjomba akasema alipewa na rafiki. Haya bwana. Baba wa binti anaivaa saa yake mpaka leo, na ukimwuliza saa ngapi anakunja mkono taratibu ili uione.

Mnaona wapenzi? Katika saa nzima, rahisi kuliko vyote kughushi ni maneno. Kutengeneza mashine kunataka kiwanda, kuandika "Made in Japan" kunataka wino. Tena aliyebuni saa feki hawezi kuandika Malaysia, maana anaujua ugonjwa wetu.

Lakini nisiwadanganye kwamba nchi haina maana hata kidogo. Ukipanda ngazi za juu utaikuta Japani yenyewe. Grand Seiko za mashine za kimakanika zinaunganishwa Shizukuishi, mkoa wa Iwate, katika karakana mpya iliyofunguliwa mwaka 2020. Kila mashine hupimwa siku 17, ikilazwa na kusimamishwa kwa mikao 6, katika joto la viwango 3. Kiwango chao cha kawaida ni kati ya kukimbia sekunde 5 na kuchelewa sekunde 3 kwa siku. Casio nao G-Shock zao za juu kabisa, zile za MR-G, huziunganisha Yamagata. Citizen mwaka 2019 walitoa saa yenye mashine ya 0100 isiyopotea zaidi ya sekunde 1 kwa mwaka mzima!

Hapo nchi na ubora vimekwenda pamoja, ila angalia sababu. Unalipia siku 17 za kupimwa na mikono ya mafundi waliobobea. Kampuni imeamua kuiweka kazi hiyo ghali nyumbani. Saa ya bei ya chini haikupitia huko, hata iandikwe Japani mara kumi.

Na kinyume chake, bei ya chini si lazima iwe aibu. Ile Casio F-91W ya plastiki, iliyoanza mwaka 1989, ina gramu 21 tu na wengi wanaiita saa ya watoto wa shule. Inatengenezwa nje ya Japani, lakini inatakiwa isipotee zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi, na betri yake inakwenda kama miaka 7. Sasa pigeni hesabu. Ile Seiko 5 ya kujivunia inaruhusiwa kupotea zaidi ya hapo kwa siku moja! Aina ya mashine ina uzito kuliko jina la nchi.

Kuna mtego mwingine. Saa nyingi zimeandikwa "Japan Mov't". Usisome nusu. Maana yake ni kwamba mashine ya ndani tu ndiyo ya Kijapani. Citizen na Seiko wanauza mashine zao kwa kampuni nyingine, na zile za Citizen zinajulikana kwa jina la Miyota. Kwa hiyo saa ya jina usilowahi kulisikia inaweza kuandikwa hivyo bila kusema uongo. Mashine itakwenda vizuri, lakini kioo, mkanda na mpira wa kuzuia maji vimetoka kwingine. Maji yakiingia usimlaumu Mjapani.

Basi ukienda kununua, fanya hivi. Kwanza, soma namba ya mgongoni. Kwa Seiko utaona mfano 7S26 au 4R36. Iulize hiyo namba kwenye simu yako kabla ya kuuliza nchi. Pili, tazama mshale wa sekunde. Kama usoni pameandikwa Automatic lakini mshale unaruka tik, tik, mara moja kila sekunde, rudisha. Mshale wa 4R36 unapiga hatua 6 kwa sekunde moja, unaonekana kama unateleza. Tatu, kwa F-91W bonyeza kitufe cha kulia sekunde kama 3, ile ya kweli itaandika jina la Casio kwenye kioo. Siku hizi zipo feki zilizojifunza hata hilo, kwa hiyo isipoandika kimbia, na ikiandika endelea kukagua. Nne, kama bei ni ya kuumiza, muombe muuzaji mwende pamoja kwa fundi aifungue. Akianza kukasirika, umeshapata jibu.

Na wewe unayependa kugeuza saa za wenzio mbele za watu, geuza kwanza ya kwako. Mtu kajibana miezi, kanunua kitu halali, unamvunja moyo kwa neno moja la mgongoni ambalo hata maana yake huijui. Huo si ujanja wa mjini.

Haya, saa yangu ya Thailand inaniambia muda umekwisha. Tukutane wiki ijayo hapahapa, Mungu akipenda.