Gari la Mbio na Mshahara wa Mtumishi

Tangu Serikali ilipoanza mwaka 2016 kuutekeleza kwa vitendo uamuzi wa TANU wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, watumishi wengi wamehamia katika mji huu, ambao mwaka 2018 ulipewa hadhi ya jiji. Pamoja nao yamekuja magari, na miongoni mwake yamo yale ya mbio: Subaru Impreza, Toyota Altezza na mengineyo ya jamii hiyo, yaliyokwisha kutumika Japani, kisha yakatumika tena hapa nchini kabla ya kutafutiwa mnunuzi mwingine. Hatuna ugomvi na mfanyakazi anayenunua gari kwa jasho lake. Tunachokipinga ni ununuzi wa pupa, unaomwacha mwalimu akikatwa mshahara miaka nenda miaka rudi kwa ajili ya chuma kilicholala uani.

Inafaa ieleweke kwamba gari la namna hii si sawa na gari jingine lolote lililotumika. Limeundwa ili likimbizwe, na aghalabu waliokuwa nalo walilikimbiza kweli. Mwaka 1971 gari la Datsun 240Z lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, na sifa za magari ya Kijapani zikaenea. Lakini gari hilo lilihudumiwa njiani na mafundi wenye vipuri. Mnunuzi wa Chemba au Mpwapwa hana mafundi wa kumfuata. Kinga yake ni moja tu: kukagua kabla ya kulipa.

Aanze na karatasi. Namba ya chesisi na namba ya injini zilingane na zilizoandikwa katika kadi, na jina lililomo liwe la muuzaji mwenyewe. Ikiwa kadi iko benki, ajue kwamba gari hilo ni dhamana ya deni la mtu mwingine. Faini za trafiki hufuata namba ya gari. Ahakikishe hakuna inayodaiwa. Asipumbazwe na herufi za kibao, kwani huonyesha gari liliandikishwa lini Tanzania, si lilitengenezwa lini. Kilometa nazo hurudishwa nyuma. Azilinganishe na karatasi zilizokuja na gari kutoka Japani, tena autazame usukani, kiti na pedali: hivyo havisemi uongo kwa urahisi.

Kisha aiendee injini, naye aikute ikiwa baridi, maana muuzaji mjanja huipasha moto mapema. Moshi wa buluu ni dalili ya oili kuungua. Utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili ni dalili kwamba huenda maji yameingia. Magari mengi ya mbio yana tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa, na hapo ndipo uwanda wetu wa kati unapotoa hukumu yake. Kiangazi chetu ni kirefu na chenye vumbi. Pale kijana alipoondoa chujio la hewa la kiwandani akaweka la kunogesha mlio, vumbi hupenya likasaga tabo na silinda.

Achungulie pia uvunguni. Lami ya kwenda Morogoro, Singida na Babati ni nzuri, lakini shule nyingi ziko mbali nayo, ng'ambo ya makorongo ya mchanga. Gari lililokatwa springi ili liinamie chini litapasua sampo ya oili kabla muhula haujaisha. Milango isiyokaa sawa, rangi zinazotofautiana na alama za kuchomelea ni habari za ajali. Tairi lina tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozeeka juani halifai kuaminiwa katika mwendo kasi, hata kama meno yake bado ni marefu. Na kazi yote hii ifanywe pamoja na fundi aliyechaguliwa na mnunuzi, si yule aliyeletwa na dalali.

Mwisho ni hesabu. Utaratibu wa utumishi unataka makato yasimwachie mtumishi chini ya theluthi moja ya mshahara. Anayekopa hadi kufikia mpaka huo, kisha akanunua gari lenye kiu ya petroli na vipuri vya bei kali, atailisha nini familia yake? Aulize kwanza bei ya klachi, breki na tabo dukani, ndipo azungumze na muuzaji.

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwalimu aliyesimama kando ya barabara saa mbili asubuhi, boneti wazi, ameacha darasa zima bila somo. Hasara hiyo si yake peke yake. Ni ya watoto wetu. Tunawasihi watumishi wanunue kwa macho na kwa kalamu, wasinunue kwa masikio.