Bendi Ndogo Huliwa Mlangoni

Bendi nyingi ndogo za Dar es Salaam huliwa mlangoni. Mwenye baa huchukua mauzo ya vinywaji, bendi huachiwa kiingilio. Lakini anayekata tiketi ni kijana wa mwenye baa, na mashemeji zake wote hupita bure. Mvua ikinyesha ndiyo basi tena. Mpiga besi, ambaye mchana ni fundi umeme, hurudi nyumbani na nauli ya bodaboda.

Zamani kulikuwa na nafuu. NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964, wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wa chama cha wafanyakazi cha NUTA: mshahara wa mwezi, ala za mwajiri. Ubaya wake, aliyeacha kazi aliliacha na gitaa.

Unguja wana njia yao. Katika klabu za taarab kama Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, wapigaji wengi wana kazi zao za mchana, na fedha ya papo kwa papo hutokana na kutuza. Mama huinuka kitini, akasogea akicheza taratibu, noti kaibana vidoleni, mpaka mbele ya mwimbaji. Sasa noti ile ni ya mwimbaji au ya kikundi? Wasiokubaliana mapema hugombana hadi kuvunja kundi, na mialiko wanayo tele!

Kwenye harusi, heri nusu ya malipo itumwe kwa simu kabla ya siku yenyewe, iliyobaki ilipwe kabla maharusi hawajaingia ukumbini. Keki ikishakatwa, mweka hazina wa kamati ya harusi haonekani tena.