Tusiseme uchache, tuseme kiasi

Neno minimalisimu limetufikia kupitia Kifaransa, na wengi wetu tunalipokea kwa kicheko. Mwenye kabati tatu za nguo ndiye wa kuambiwa apunguze, tunasema. Mwanafunzi anayeishi na wenzake watatu katika chumba kimoja cha Kadutu apunguze nini? Kicheko hicho kina ukweli wake. Lakini kinatuzuia kuona jambo moja: nyumba yenye vitu vichache si lazima iwe nyumba yenye taka chache. Hapa Bukavu, mara nyingi ni kinyume.

Tuangalie namna tunavyonunua. Mwenye pesa ananunua bido ya mafuta ya lita 20 na gunia la unga. Asiye nazo ananunua mafuta ya siku moja ndani ya kasashe, chumvi ndani ya kengine, sukari ndani ya kengine, sambaza ndani ya kengine tena. Kisha vyote vinatiwa ndani ya sashe kubwa nyeusi ya kubebea. Mlo mmoja wa jioni umeacha masashe matano. Ukirudia kila siku, mwezi unaisha na masashe 150, na hakuna mtu nyumbani humo aliyeishi maisha ya anasa. Maganda ya ndizi na jivu la makala vinarudi kwenye udongo. Sashe hairudi.

Inakwenda wapi basi? Mji wetu umejengwa juu ya vilima, na mitaa mingi haipitiwi na gari la kuzoa taka. Mvua inaposhuka, inasomba kila kitu hadi kwenye mifereji, mifereji inamwaga katika mto Kawa, na Kawa unamwaga katika ziwa Kivu. Ziwa nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, yaani Ruzizi, na hapo ndipo lilipo bwawa la umeme la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Chupa na masashe vinajikusanya mbele ya bwawa, vinaziba njia ya maji, na mashine zinasimamishwa ili wafanyakazi wavitoe. Si kila giza la Bukavu linatokana na hilo; mitambo imezeeka na wateja wameongezeka. Lakini sehemu ya giza tunalosomea kwa tochi ya simu, usiku wa kuamkia mtihani, ilitoka jikoni mwetu wenyewe.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya serikali. Serikali ilikwisha kusema: amri ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia masashe nchini kote. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda ina sheria kama hiyo tangu mwaka 2008, na anayevuka mpaka na sashe mkononi anajua itakavyokuwa. Kwetu, amri imebaki kwenye karatasi, na sababu si uzembe wa wakubwa peke yake. Amri ilikataza chombo bila kuuliza mama wa sokoni Nyawera atamuuzia nini mteja mwenye franka mia tano na asiye na chombo. Swali hilo likibaki bila jibu, sashe itarudi kila asubuhi.

Jibu liko karibu zaidi kuliko tunavyodhani, na sisi wanafunzi wa lugha za Kiafrika tunapaswa kulitambua mapema. Sote tunaijua methali ya haba na haba hujaza kibaba. Tunaitumia kufundisha subira, tunasahau kwamba kibaba ni kipimo: vibaba vinne vilifanya pishi moja. Watu waliotumia methali hiyo walinunua kidogo kidogo kama sisi. Tofauti ni kwamba kipimo kilibaki kwa muuzaji, na mnunuzi alikuja na chombo chake, kikapu au kibuyu. Kununua kidogo hakukuzaa taka. Kuja sokoni mikono mitupu ndiko kunakozizaa.

Kwa hiyo napendekeza tusitafsiri minimalisimu kwa uchache, wala kwa kujinyima. Hayo mawili watu wetu wanayajua tayari, na hakuna anayeyatamani. Tunalo neno kiasi. Linataja kipimo, na linataja pia tabia ya mtu asiyepita mpaka. Maisha ya kiasi yanamhusu mwenye bido na mwenye kasashe kwa pamoja, bila kumwambia maskini kwamba umaskini wake ni mtindo mzuri.

Kwa vitendo, mambo matatu yanatosha kuanzia. La kwanza, chupa moja ya mafuta na makopo mawili vikae ndani ya kikapu cha soko. Mama muuzaji hatakataa, maana masashe anayanunua kwa pesa yake. La pili, tunaoishi pamoja tununue pamoja. Likelemba tunaijua, wanne wakichanga kila wiki, bido na gunia vinapatikana. Najua ugumu wake: chakula kingi chumbani huita wageni wengi. Basi wachangaji wakubaliane juu ya kipimo cha kila siku, na kopo lisimamie mapatano.

La tatu linahusu kitivo chetu. Kila msimu wa kutetea kazi za mwisho, baada ya picha na vigelegele, uwanja unabaki umejaa bilauri na sahani za plastiki zilizotumika nusu saa. Naomba viongozi wa wanafunzi na walimu wetu wapendwa tuchange mara moja, tununue sahani na vikombe vya kuoshwa, tuvitunze idarani, na kila anayetetea aviazime na kuvirudisha vikiwa safi. Gharama tukigawana haitazidi ile tunayotupa sasa kwa msimu mmoja au miwili. Na mgeni atakayekuja kusikiliza mada juu ya methali zetu ataona kwamba tunazielewa.