Jirani Yako wa Mlango wa Pili Anaitwa Nani?



Leo sianzi na andiko. Naanza na kosa langu, kisha tutafika kwenye Neno.

Miaka mitatu iliyopita dada mmoja wa kanisa letu alinipigia simu jioni. Ana ploti ya nyumba za kupangisha, na nyumba moja ilikuwa wazi. Familia ya Kisomali ilikuwa imekuja kuiona: baba, mama na watoto wanne. Walikuwa tayari kulipa kodi ya miezi mitatu pamoja na diposti. Dada akaniuliza, "Pasta, unasemaje?" Nami nikampa lile jibu ambalo sisi wachungaji tunalo mfukoni siku zote: "Dada, liweke kwenye maombi. Mungu akikupa amani, endelea."

Wewe na mimi tunajua nilichosema hapo. Kama angeniuliza kuhusu mwimbaji wa kwaya yetu, nisingemwambia aombe. Ningemwambia ampe funguo. Nilisema "hapana" kwa lugha ya kiroho ili nisibebe lawama, na yule dada alinielewa vizuri kabisa. Familia ikaambiwa nyumba imeshachukuliwa. Baadaye akaingia mshirika wetu mmoja, tena mtu wa kukemea mapepo kwa sauti kubwa, akahama usiku akiwa na deni la kodi ya miezi minne. Hilo si fundisho la leo. Nimelitaja tu kwa sababu yule dada hunikumbusha kila tukikutana mlangoni pa kanisa.

Jambo hili limenirudia wiki hizi kwa sababu nimekuwa nikisoma utafiti wa Marekani kuhusu watu wa dini: kama wanawaamini wenzao, na wanawatazamaje watu walio wachache kati yao. Najua wengine mtasema Pasta ameacha Biblia anasoma maprofesa. Biblia sijaiacha. Lakini ukienda kupimwa presha, humuulizi daktari kama ameokoka ndipo uamini kipimo.

Mwaka 2010 wataalamu wawili wa siasa, Robert Putnam wa Chuo Kikuu cha Harvard na David Campbell wa Notre Dame, walitoa kitabu kinene kiitwacho American Grace. Mwaka 2006 walikuwa wamehoji Wamarekani zaidi ya 3,000 kuhusu dini na maisha yao, na mwaka 2007 wakawarudia wengi wao na kuwauliza tena.

Habari njema kwanza, maana ipo. Waligundua kwamba watu wanaohudhuria ibada mara kwa mara ni majirani wazuri kuliko wasiohudhuria. Wanatoa zaidi na wanajitolea zaidi, na si kwa mambo ya kanisa peke yake, hata kwa shughuli zisizohusu dini. Wanawaamini watu wengine zaidi, na watu wengine nao huwaona kuwa wa kuaminika.

Hapo utasema Amina. Ngoja kwanza.

Walitafuta chanzo. Je, ni kwa sababu mtu anaamini mbingu na jehanamu? Ni kwa sababu anaomba sana nyumbani? Walipima mambo hayo, na hayakueleza ile tofauti. Kilichoieleza ni marafiki. Una marafiki wangapi wa karibu kanisani kwako? Uko katika kikundi kidogo? Unazungumza habari za imani na jamaa na marafiki? Wakaandika kwamba hata mtu asiyeamini Mungu, akiingia katika maisha ya kanisa, labda kwa sababu ya mke wake, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kwenda kuwapikia wenye njaa kuliko muumini motomoto anayeomba peke yake.

Niliposoma hayo nilifunga kitabu nikanywa maji. Nikamkumbuka mzee mmoja hapa kwetu, mume wa mama wa ushirika wa nyumbani. Hajaokoka na hafichi. Lakini kukiwa na matanga, ni yeye anayefika saa kumi na mbili asubuhi kupanga viti na kusimamisha hema, wakati mashujaa wetu wa kesha bado wamelala. Siku zote nilidhani anatafuta chakula. Mungu anisamehe.

Sasa upande wa pili. Kitabu hichohicho kinasema watu hao wazuri, wenye kutoa na kuaminiana, ndio wanaoona uzito zaidi kumruhusu mtu wasiyekubaliana naye asimame aseme yake. Na Wamarekani walipoulizwa wana mapenzi kiasi gani kwa makundi ya dini, Wayahudi na Wakatoliki walikuwa karibu na juu kabisa, na chini kabisa wakawekwa Waislamu, Wabudha na Wamormoni. Ni vikundi vidogo, ambavyo watu wengi hawana rafiki ndani yake.

Kuna wanasosholojia wawili, Michael Emerson na Christian Smith, waliochimba zaidi, tena wakiwatazama watu wa jamii yetu hasa: Wakristo wa kiinjili, watu wa kuzaliwa mara ya pili. Walihoji watu zaidi ya 2,500 kwa simu na kuzungumza na wengine wapatao 200 ana kwa ana. Kitabu chao, Divided by Faith, kilitoka mwaka 2000. Walitaka kujua Wakristo Wazungu wanawaonaje Wamarekani Weusi, ambao wengi wao ni Wakristo wenzao.

Kilichonikamata ni kwamba wengi hawakuwa na chuki. Walikuwa watu wema. Walisema suala la rangi ni jambo la moyo wa mtu mmoja mmoja, watu wakiokoka na kupendana litaisha. Mishahara, mitaa, shule, hayo hawakuyaona, kwa sababu maisha yao yalikuwa ndani ya mduara wa Wazungu: kanisa lao, marafiki wao, vikundi vyao. Wale wachache waliokuwa wakiishi karibu na Weusi waliyaona mambo tofauti kabisa, na imani ilikuwa ileile.

Wakaeleza pia kwa nini kanisa lenyewe huchangia. Ni rahisi kukusanya watu wanaofanana. Mkifanana mnaelewana upesi, mnasaidiana sana, kanisa linakua. Na kadiri mnavyosaidiana ndani, ndivyo mnavyokosa sababu ya kumhitaji mtu wa nje. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ni upendo tu, umekaa ndani mlango umefungwa.

Siwezi kuchukua hesabu za Marekani nikazibandika hapa kwetu kama bango. Nchi ni tofauti na historia ni tofauti. Lakini wewe mwenyewe ni shahidi. Mtoto wa mshirika wetu alipolazwa, tulichanga kwa siku mbili bili ikaisha, na wengine walituma pesa bila hata kuuliza ni mtoto wa nani. Nilisimama madhabahuni nikamshukuru Mungu, na bado namshukuru. Halafu wiki hiyohiyo, kwenye kikundi chetu kilekile cha simu, mtu akaweka ujumbe wa kututahadharisha na "hawa watu wanaonunua ploti zote mtaani". Ulijibiwa kwa Amina kumi na tatu. Nilizihesabu. Mimi nilinyamaza, na mchungaji akinyamaza, washirika huandika hiyo kama Amina ya kumi na nne.

Mtu ataniambia, "Pasta, na usalama? Umesahau Garissa?" Sijasahau. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa kule chuoni, na wauaji waliwatafuta Wakristo. Nilizika hofu hiyo pamoja nanyi, na sitamcheka mama anayeogopa. Lakini ukikumbuka Garissa, kumbuka na basi la Mandera mwezi Desemba mwaka uleule. Magaidi walisimamisha basi karibu na El Wak wakaamuru Waislamu na Wakristo watengane. Abiria Waislamu wakakataa kutengana. Wanawake waliwapa Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi, na mwezi Januari 2016 akafia hospitalini Nairobi. Mwalimu Msomali, Mwislamu, alikubali risasi kwa ajili ya watu ambao mimi nawaita wapendwa, na huku mimi nilishindwa kumtetea mtu wa dini yake apate nyumba ya vyumba viwili ya kulipia.

Sasa Neno. Luka 10 unaijua tangu Shule ya Jumapili. Kuhani alipita, Mlawi akapita, Msamaria akasimama. Ila angalia mwisho wa mazungumzo. Yesu anapomuuliza yule mwanasheria ni nani aliyekuwa jirani, mwanasheria anajibu kwamba ni yule aliyetenda huruma. Hasemi "Msamaria". Jina la kabila limegoma kutoka kinywani, hata baada ya kulikubali somo! Na Walawi 19 inamwagiza Israeli ampende mgeni kama nafsi yake, kwa sababu walishawahi kuwa wageni Misri. Wewe uliyekuja mji huu na begi moja, ukalala kwa binamu miezi sita, andiko hilo linakuhusu kuliko unavyotaka.

Putnam na Campbell wana habari nyingine iliyonipa moyo. Kwa sababu waliwahoji watu mara mbili, waliweza kuona nini kinabadilika mtu anapopata rafiki mpya. Wanatoa mfano wa rafiki waliyempa jina la Al. Wewe na Al mnafuga nyuki. Mmekuwa mkizungumza mizinga na asali, mnaelewana. Siku moja unagundua Al ni mtu wa dini ambayo siku zote uliidharau. Sasa utafanyaje, na ni Al wako? Moyo unaanza kulegea kwa watu wa dini ya Al, na ajabu ni kwamba unalegea kidogo hata kwa watu wa dini nyingine ambazo Al hayumo. Hakuna aliyehubiriwa hapo, wala kupelekwa semina ya umoja. Zilikuwa nyuki tu.

Tusichanganye mambo. Kitabu hicho pia kinaonyesha kwamba Wamarekani wengi mno wanasema mtu mwema wa dini yoyote ataingia mbinguni. Hapo mimi na wao tunaachana njia panda, na nitaendelea kuhubiri kwamba Yesu ndiye njia. Lakini tangu lini kumjua jina jirani yangu kukawa kukana imani? Paulo naye alikuwa mshona mahema.

Kwa hiyo nakuomba jambo dogo. Chukua simu yako sasa hivi, angalia watu ishirini wa mwisho uliozungumza nao. Ni wangapi si wa kanisa letu? Ni wangapi si wa kabila lako? Kuna Mwislamu hata mmoja asiyekuwa mwenye duka wala fundi uliyemtuma kazi? Mimi nilipofanya hivyo nilipata mmoja, naye alikuwa amekosea namba.

Jumanne nilimpigia yule dada nikamwomba msamaha kwa ushauri wangu wa mwaka ule. Alicheka sana. Akasema familia ile ilipata nyumba ng'ambo ya barabara, si mbali na kanisa, na kwamba yule mama huuza vitambaa na yeye ni mteja wake. Hata sare za kina mama za sherehe ya Pasaka zilitoka kwake. Nilizibariki sare zile kwa mafuta na sikuuliza zilitoka wapi.

Dada amekubali kunipeleka Jumamosi saa tisa. Nitabeba sukari na majani ya chai, nikaseme yaliyo moyoni mwangu. Huenda wakanikaribisha, huenda wasinikaribishe. Ushirika wa nyumbani siku hiyo utaongozwa na mzee wa zamu, mimi nitachelewa.