Tusibomoe Kabla ya Kuuliza

Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mimi nilikwenda hadi Malindi ndipo nikakumbuka kanisa letu la huku Khayega. Bahati mbaya, halipo tena.

Ndugu msomaji, mwaka jana chama chetu kilifunga safari ya Pwani. Malindi tulionyeshwa kanisa dogo la Wareno: kuta nyeupe, paa la makuti, makaburi kando. Wenzangu wakanong'ona, "Ati hili ndilo tumelisafiria usiku kucha?" Walitaka minara kama ya Notre-Dame ya Paris, iliyoanza kujengwa mwaka 1163! Wakasahau kuwa Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498, na padri Francis Xavier akapita hapo mwaka 1542 akienda Bara Hindi.

Kesho yake tulikwenda magofu ya Gede. Kiongozi akatuuliza mbona vyumba ni vyembamba. Tukanyamaza jii. Kumbe dari ilibebwa na boriti za mikoko, nazo si ndefu. Basi upana wa chumba uliamuliwa na mti. Shida ile ile ya kufunika nafasi, wajenzi wa Ulaya waliitatua kwa matao ya mawe. Wale wa Lalibela, Ethiopia, hata hawakujenga: walichonga makanisa 11 katika mwamba.

Niliporudi nikamsimulia nyanya. Akasikiliza, kisha akauliza, "Na letu, mjukuu wangu, ulilipima?"

Nilikosa jibu. Kanisa la zamani la kijiji chetu lilibomolewa nikiwa darasa la sita. Nyanya, akiwa msichana, aliteka maji ya kukandia udongo wa matofali yake. Mengine yalikuwa na alama za vidole vya watu. Siku ya kubomoa hakuna aliyepiga picha, hata mimi niliyesimama pale nikitafuna muwa.

Sisemi lile jipya lisingejengwa. La zamani lilivuja, na waumini walikuwa wamezidi nafasi. Ninalosema ni hili: kabla ya nyundo, tupime, tuchore, tuulize wazee nani alichoma matofali na mbao zilitoka wapi. Gede iliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, lakini James Kirkman alianza kuichimba na kuiandika tangu 1948. Je, bila maandishi tungeonyeshwa nini?

Misheni ya Mukumu, iliyoanza mwaka 1906, iko hapa jirani tu. Hakuna haja ya basi wala mchango wa wazazi. Shime wanachama! Muhula ujao tuombe ruhusa, tuanzie huko. Mimi nitaleta futikamba na daftari. Nyanya naye amesema atakuja, mradi tutembee polepole.