Usikitazame Kidonda Tu, Utazame na Mguu

Mwezi huu sitazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Nitazungumza juu ya kidonda cha mguu kisichopona. Mimi ni bwana shamba, si mganga. Lakini nimeona majembe yakilala ndani kwa sababu ya kidonda.

Mama yangu mdogo alikuwa akiuza maandazi sokoni. Alisimama tangu asubuhi mpaka jioni. Mguu wake mmoja ukawa unavimba kila jioni. Kisha ngozi karibu na kifundo, upande wa ndani, ikawa nyeusi na kuwasha. Alijikuna, kidonda kikaanza. Alitia majivu. Alitia majani. Alitia unga wa vidonge. Mwaka mzima ukapita. Akaacha kwenda mikutanoni kwa kuona aibu ya harufu.

Kwa nini hakikupona?

Damu hushuka miguuni kwa urahisi. Kurudi juu moyoni ni kazi, kama kupanda mlima. Tunapotembea, nyama za mguu huisukuma juu. Ndani ya mishipa mna vilango vidogo vinavyoizuia isirudi chini. Vilango hivyo vikiharibika, damu hutuama na mguu huvimba.

Wewe mkulima unajua jambo hili. Maji yakituama shambani, mizizi huoza, hata ukitia mbolea nzuri. Kwanza lazima uyaondoe maji. Mguu nao ni vivyo hivyo. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi.

Kwanza nenda zahanati

Kidonda kikipita wiki mbili bila kupona, nenda zahanati. Vidonda vingine huletwa na kisukari au ukoma. Mganga atapapasa mapigo ya damu kwenye mguu wako. Kama damu haifiki vizuri, bandeji ya kubana inaweza kuuharibu mguu. Kwa hiyo usijifunge kabla hujapimwa. Uliza pia sindano ya pepopunda.

Kisha fanya haya nyumbani

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Funika kwa kitambaa safi.

2. Usitie majivu, mavi ya ng'ombe wala unga wa vidonge.

3. Kama mganga amekubali, funga bandeji ya kuvutika. Ifunge asubuhi kabla ya kushuka kitandani, mguu haujavimba. Anzia karibu na vidole, malizia chini ya goti. Vidole vikifa ganzi au vikiwa baridi, ifungue mara moja.

4. Ukipumzika, lala na uinue miguu juu ya mto au gunia lililokunjwa.

5. Tembea kila siku. Usisimame mahali pamoja saa nyingi.

6. Kula maharage, dagaa, mayai, mboga na matunda. Acha sigara.

Ukipata homa, au wekundu ukienea, au nyama ikiwa nyeusi, rudi zahanati siku hiyo hiyo.

Mama mdogo alifungwa bandeji miezi mingi. Kidonda kikafunga. Hata baada ya kupona hakuitupa bandeji, maana vilango vilivyoharibika havirudi kuwa vipya. Aliifunga kila asubuhi, akarudi sokoni. Safari hii aliuza akiwa na kigoda, na mara kwa mara aliinuka akatembea.

Ndugu msomaji, kama jirani yako anaficha mguu wake, usimcheke. Mketi pamoja, umsomee gazeti hili. Kisha msindikize zahanati.